Mdomo wa Neli Umeelekea Wapi?

Kila mwaka, niendapo kukagua mazoezi ya kufundisha, huketi nyuma ya darasa na kumsikiliza mwanachuo akiwakaririsha wanafunzi masharti ya sayansi: "Usikimbie. Usionje dawa. Usielekeze mdomo wa neli usoni mwako." Wanafunzi huitikia kwa sauti moja, na mwanachuo huamini kwamba usalama umekwisha kufundishwa. Kila nilisikiapo sharti hilo la tatu moyo hunishtuka, kwa kuwa nami nililifundisha vivyo hivyo, na aliyeumia kwa ajili hiyo hakuwa mimi.

Mwaka 2012 nilikuwa mwalimu wa mwaka wa kwanza katika shule moja ya msingi. Somo lilikuwa kupima wanga katika jani, Darasa la Sita. Maabara hatukuwa nayo. Tulikuwa na taa chache za spiriti, neli kumi na mbili za majaribio, na vibanio vya nguo vya mbao badala ya vishikio. Niliandika masharti ubaoni, wanafunzi wakayanakili na kuyasoma kwa pamoja. Kisha nikagawa vifaa, na kila kikundi kikaanza kuchemsha jani katika maji.

Mvulana mmoja alikuwa makini kuliko wenzake. Aliijaza neli maji kupita nusu, akaishikilia pale pale juu ya mwali pasipo kuitikisa, na mdomo wake akauelekeza mbali naye kama nilivyoagiza. Ng'ambo ya dawati msichana mmoja alikuwa ameinama akiandika. Maji yalikuwa yametulia. Mara yakaruka kwa kishindo, yakamwagikia msichana yule kidevuni na shingoni. Mwalimu mwenzangu alimkimbiza bombani, nami nikazima taa zote. Macho yake yalisalimika, lakini baka lilibaki shingoni.

Kwa hofu na hasira nilimkaripia yule mvulana mbele ya darasa kwamba hakufuata masharti. Alitazama ubao, kisha akasema polepole: "Mwalimu, mimi sikuelekeza usoni mwangu." Nikageuka. Maneno yalikuwa pale pale, kwa mwandiko wangu. Mtoto yule alikuwa amelitii sharti langu neno kwa neno. Siku ile sikuwa na ujasiri wa kukiri. Juma lililofuata nilimwomba radhi mbele ya darasa lile lile.

Ndugu mwanachuo, kosa langu halikuwa kusahau kutaja usalama. Niliwapa watoto amri bila sababu yake, na amri isiyo na sababu hufuatwa pale tu yanapofika maneno yake.

Sababu yenyewe ni hii. Neli ni nyembamba. Kitako chake kikipashwa moto mahali pamoja, maji ya chini huanza kuchemka wakati yale ya juu bado hayajapata moto wa kutosha. Mvuke huzuka kwa ghafla, na kwa kuwa hauna nafasi ya kupita kando, husukuma maji yaliyo juu yake kama bomba la sindano lisukumavyo dawa. Mtoto akilifahamu hilo, masharti mengine atayatoa mwenyewe. Neli isijazwe kupita robo, ili maji yarukayo yasifike mdomoni. Iinamishwe, na itikiswe polepole juu ya mwali, moto ukianzia karibu na uso wa maji kisha ukashuka chini. Isizibwe kamwe. Na mdomo wake uelekee mahali pasipo na mtu yeyote: si wewe, si jirani yako, si mwalimu apitaye kati ya madawati.

Siku hizi, kabla wanafunzi hawajagusa neli, mimi huwaonyesha kwanza kosa lenyewe. Huwasimamisha wote nyuma yangu, mbali na meza. Neli yenye maji matupu hadi nusu huifunga imara kwenye kipande cha mti kilichosimamishwa, ikiwa imeinama, mdomo ukielekea ukuta mtupu uliobandikwa karatasi kavu. Huvaa miwani ya kinga, nikasimama kando, nikapasha moto kitako pasipo kukihamisha. Maji yarukapo na kulowesha karatasi, huzima taa, nikawaacha wapime kwa rula umbali yaliporukia. Kisha huuliza swali moja tu: "Nani angekuwa pale?" Baada ya hapo wao ndio watungao masharti, nami huyaandika ubaoni kwa maneno yao.

Somo hilo hilo la jani lina hatari nyingine iliyo kubwa zaidi. Ili kuondoa rangi ya kijani, jani hutiwa katika spiriti ya moto. Spiriti huchemka kwenye nyuzi 78 za Selsiasi, na mvuke wake hushika moto upesi. Kwa hiyo haipashwi juu ya mwali kamwe. Chemsha maji kwanza, zima kila moto uliomo chumbani, ndipo uisimamishe neli ya spiriti ndani ya maji hayo. Vilevile usiongeze spiriti katika taa inayowaka. Mwali wake ni hafifu, na mchana huweza usiuone kabisa.

Mtoto akiungua, mpoze mara moja kwa maji ya bomba yatiririkayo, kwa dakika 20. Usimpake mafuta wala dawa ya meno. Akiwa ameungua usoni au amefanya malengelenge, apelekwe hospitali. Tena uwakumbushe wote kwamba kioo cha moto na kioo baridi havitofautiani kwa macho.

Unapoandaa somo lako, usitosheke kuandika "kutaja masharti ya usalama". Andika mwanafunzi atakachoona, na swali utakalomwuliza ili aijue sababu. Kisha uchunge mikono yako mwenyewe, maana watoto huiga mikono ya mwalimu kabla ya maneno yake. Ukiinua neli mbele ya darasa, jiulize kwanza mdomo wake umeelekea wapi. Madawati ya mbele daima yana watu.