Redio ya Kijapani Katika Mashamba ya Chai ya Roret

Mtu wa pwani huijua chai akiwa ameikuta kikombeni, imekolea iliki na tangawizi, wala si ada yake kuuliza ilikotoka. Mwezi uliopita tulifika inakotoka. Roret ni mji mdogo wa soko katika Bureti, kaunti ya Kericho, na mtu akisimama penye maduka yake hapati pa kuelekeza macho pasipokuwa na kijani: vishamba vya chai vilivyokatwa sawasawa kama zulia, mikalitusi mipakani, na kando ya njia mananasi yaliyopangwa mafungu mafungu yakisubiri mnunuzi. Makampuni makubwa yaliyoingia miaka ya 1920 mashamba yao yako zaidi upande wa mji wa Kericho. Huku chai ni ya wenyewe, ekari moja au mbili, na alfajiri mke na mume huingia shambani pamoja kuchuma majani mawili na chipukizi lake, kisha mavuno hupelekwa kituoni kupimwa.

Tulitoka Mombasa kwa treni, tukalala Nairobi, na asubuhi mpwa wetu akaja kutuchukua kwa gari lake. Tukashika njia ya Narok, nchi ya ngano na mifugo, tukapita Bomet, na penye njia panda ya Kaplong tukakunja kulia kuelekea Kapkatet na Litein, kabla ya kuiacha barabara kuu. Safari nzima redio ya gari haikusema neno la maana. Kila gari lilipowashwa, sauti ya mwanamke ilitoka ndani ya dashibodi, ikatusemesha kwa Kijapani kwa adabu kubwa, ikanyamaza.

Inafaa kulieleza gari lenyewe. Ni Subaru Impreza WRX ya buluu, iliyoshushwa bandarini kwetu Kilindini ikiwa imekwisha kutumika Japani. Wa umri wetu hawahitaji kuelezwa zaidi: wanamkumbuka Patrick Njiru aliyemaliza wa nne katika Safari Rally ya mwaka 1994 kwa gari la ukoo huo, na Colin McRae aliyeshinda mashindano yenyewe mwaka 1997 kwa Impreza. Kijana akipata mshahara na akaweka akiba, ndilo gari analoliota. Kama linamfaa mwalimu wa sekondari katika njia za udongo mwekundu, hilo ni swali tulilolinyamazia kwa ajili ya udugu.

Mwalimu huyu mwaka jana alioa binti wa Kikipsigis. Nikaha ilisomwa Mombasa. Mzee, baba wa bibi harusi, alikuja na koti lake zito katika joto lile letu, akala pilau, akashukuru kwa neno moja la kwao, kongoi, akarudi milimani. Tangu siku hiyo hawakugombana, yeye na mkwewe, ila hawakuwa na la kuzungumza. Kiswahili cha mzee ni cha sokoni. Kikipsigis cha mwalimu ni cha salamu: chamgei, chamgei mising, basi. Mara moja kwa mwezi kijana humpeleka mzee hospitali ya Kapkatet kupimwa shinikizo la damu, na mwendo huo wote ulikuwa kimya, mmoja ameshika usukani, mwingine ameshika redio yake ndogo ya betri, ameitoa dirishani kwa mkono, kwani ndani ya bati la gari mawimbi hufifia.

Redio hiyo si ya kupitishia wakati. Katika nchi ya mabonde, ambako boma moja na jingine huonana lakini kufikiana ni mwendo wa saa nzima, habari za msiba husomwa redioni. Idhaa za Kikalenjin, Kass FM, Chamgei FM na Kitwek ya KBC, ndizo masikio ya wazee. Miezi miwili kabla ya ziara yetu tangazo la kifo cha mtu wa rika la mzee lilisomwa wakati yumo ndani ya Subaru, na betri zake zimekwisha. Alipopata habari, mwenziwe alikuwa amekwisha kuzikwa. Hakumlaumu mtu. Lakini bintiye alitunong'oneza jikoni kwamba tangu hapo baba yake amekuwa akiulizia nauli ya matatu.

Kwa nini redio nzima, yenye spika sita, isiweze kufanya kazi ya kiredio cha mkononi? Jibu liko Japani. Huko redio za FM zilipangiwa kati ya megahezi 76 na 90, kwa kuwa nafasi ya juu yake, kuanzia 90 hadi 108, ilikuwa imepewa televisheni. Ni baada ya televisheni ya kale kuzimwa ndipo walipoongeza kidogo, wakafika 95. Kwetu Kenya idhaa zimejipanga kati ya 88 na 108. Basi redio iliyotengenezwa kwa ajili ya Tokyo husikia ukingo tu wa maneno yetu. Na yule mwanamke wa Kijapani? Ni mashine ya kulipia ushuru wa barabara za huko, inamkumbusha dereva kwamba hajatia kadi. Inamkumbusha mpaka leo, Roret.

Mpwa wetu alikuwa amekwisha kushawishiwa na muuzaji mmoja wa mjini: ang'oe redio yote, aweke kioo kikubwa, amplifaya, na sanduku la besi litakalojaza buti nzima. Bei yake ilikuwa inakaribia ya ng'ombe wa maziwa, na waya za gari zingekatwa. Sisi hatuna uadui na muziki wa mtu, lakini buti ile ndiyo inayobeba majani ya chai ya mkwewe siku ya mvua.

Fundi tuliyemwendea ana kibanda sokoni Roret, kati ya duka la pembejeo na kinyozi. Hutengeneza simu, pasi, redio. Hakuuliza gari lina nguvu kiasi gani. Aliuliza, "Mzee husikiliza wapi?" Tukadhani ni udadisi, kumbe ndilo swali lenyewe. Kifaa kinachotakiwa, ekspanda, ni kijisanduku kinachotoshea kiganjani, na bei yake haizidi ya kuku wawili wa kienyeji. Kazi yake ni kuyachukua mawimbi kutoka kwenye antena na kuyateremsha kwa hesabu isiyobadilika kabla hayajafika redioni. Cha 18 huifanya 94 isomeke 76, na 108 isomeke 90. Ni kizuri, ila kilicho kati ya 90 na 94 hupotea kama kilivyopotea awali, na idhaa ya mzee ilikuwa imeangukia humo humo. Fundi akakitia kando, akapekua kopo la bisikuti, akatoa cha 12, kinachofungua kuanzia 88 hadi 102. Idhaa za juu zaidi zilikosekana. Mwalimu alifikiri kidogo, kwani miongoni mwake mlikuwa na alizozipenda yeye, kisha akasema, "Weka hicho."

Kazi ilichukua muda wa kikombe kimoja cha chai. Fundi alizungushia bisibisi kitambaa asije akachuna plastiki, akabandua fremu, akalegeza skrubu nne na kuivuta redio polepole. Waya wa antena ukachomolewa na kuchomekwa kwenye ekspanda, na mkia wa ekspanda ukaingia redioni. Waya mwekundu aliuunga penye umeme unaokuja ufunguo unapozungushwa, wala si penye umeme wa daima, maana huko betri hunyonywa usiku kucha. Mweusi akaufunga kwenye chuma cha mwili wa gari. Kijisanduku akakiviringishia sponji kisije kikagonga njiani. Mzee alishika tochi muda wote. Mwisho fundi akaomba ruhusa ya kuchomoa mashine ya ushuru. Mzee akakataa, akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Huyo mama aache. Mgeni."

Usiku mvua ya mawe ilipiga mabati hata tukashindwa kusikizana, na tulipewa mursik, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu kilichosuguliwa mkaa. Ulimi wa pwani unayahitaji siku mbili kuyaelewa. Siku ya tatu tuliomba tuongezewe.

Kesho yake ilikuwa siku ya hospitali. Redio ya gari ilionyesha 80.5, ikasema ya 92.5, na matangazo yakaanza kusomwa kwa ile sauti ya taratibu inayojulikana nchi nzima hata na wasioijua lugha. Mzee alikuwa mbele, redio yake ya betri imo mfukoni. Lilipotajwa jina la kwanza aliinua mkono kuelekea kilima cha kushoto: kwao ni kule, mama yake aliolewa kutoka kwetu. La pili, akaonyesha ng'ambo ya mto. Mwalimu alipunguza mwendo. Lilipotajwa la tatu mzee alinyamaza, na kijana akauliza, "Na huyu, Baba?" Mzee akaanza kumweleza, na maelezo yalikuwa marefu, tukafika Kapkatet hayajakwisha, wakabaki garini wote wawili, mlango umefungwa, hadi muuguzi alipotoka kuita jina.