Je, Kichezeo ni Tusi?

Je, ni tusi kumwambia mtu mzima kwamba anachezea vichezeo? Kaka yangu, fundi wa kiwandani, hutumia jioni zake kuunda redio kwa vipuri chakavu. Shemeji huwaambia wageni, "Mwacheni na vichezeo vyake." Wageni hucheka, kaka huinama, hasemi neno.

Mchezo wenyewe si aibu. Mwaka 1899 Wilbur Wright wa Marekani, mtu mzima wa miaka 32, alirusha tiara ili ajaribu namna ya kuongoza mabawa. Tarehe 17 Desemba 1903, yeye na mdogo wake Orville walirusha ndege yenye injini. Safari ya kwanza ilidumu sekunde 12.

Basi tusi halimo katika neno, limo katika dharau. Mwenyewe akilitamka kwa utani, na tucheke naye. Na ikiwa fedha ya unga imeishia kwenye vipuri, shemeji ana haki ya kulisema hilo waziwazi, wakiwa wawili chumbani. Kumfanya mumewe mtoto mbele ya wageni hakutaleta unga nyumbani. Kutamwondolea heshima tu, na watoto wanasikia.