Boti Mbili na Swali la "Ipi Bora"

Hosteli nyingi ubishi wa usiku ni Simba na Yanga. Chumbani kwetu, muhula mzima uliopita, ubishi ulikuwa Contessa 32 na Westsail 32. Msicheke. Hizi ni boti za tanga za kusafiria baharini, zilizoanza kuundwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, moja Lymington huko Uingereza, nyingine Costa Mesa, California. Mshikaji wangu wa chumbani humalizia bando lake kwenye video za watu wanaoishi ndani ya boti za namna hii. Mimi nasoma elimu, na sisi watu wa elimu tunafundishwa kutunga maswali. Basi swali likawa lile tunalolijua wote: linganisha na tofautisha, kisha useme ipi bora.

Tuanze na jedwali, maana mwanachuo bila jedwali hajajibu. Urefu ni sawa, futi 32, karibu mita 10. Usawa unaishia hapo. Contessa ina uzito wa kama tani 4.3, Westsail inakaribia tani 9. Yaani mara mbili! Contessa ni nyembamba, mkuku wake mfupi kama pezi la samaki, na karibu nusu ya uzito wake ni farumi iliyokaa chini kabisa. Westsail ina tumbo pana na mkuku mrefu. Ukoo wake unarudi Norway, kwa boti za uokoaji za Colin Archer za karne ya 19, zilizotakiwa kutoka bandarini wakati wengine wote wanakimbilia ndani.

Mshikaji alisimama na Westsail. Hoja yake: boti nzito haitupwitupwi, inabeba maji na chakula cha miezi, na ndani mtu anakaa kama nyumbani. Mimi nikasimama na Contessa. Boti nyepesi na nyembamba inapiga bisho vizuri, yaani inaweza kupanda kuelekea upepo unakotoka. Upepo ukikusukuma kwenye miamba usiku, uwezo huo ndio utakaokutoa. Westsail, jamani, hata wanaoipenda wanaitania kwamba ni konokono.

Kila mmoja alikuwa na dhoruba yake ya ushahidi. Yangu ni ya Agosti 1979. Mashindano ya Fastnet yalianza Uingereza na boti 303, zikazunguke mwamba wa Fastnet kusini mwa Ireland na kurudi. Dhoruba ikazikuta njiani. Zilizomaliza ni 85 tu, na washindani 15 walikufa. Katika daraja la boti ndogo kabisa zilianza 58, ikamaliza moja: Assent, ambayo ni Contessa 32. Baadaye mwenyewe, Willy Ker, aliipeleka mpaka Greenland na Antaktika. Nikadhani nimeshafunga mjadala.

Mshikaji akaleta ya Oktoba 1991, dhoruba ile iliyotengenezewa filamu ya The Perfect Storm. Westsail 32 iitwayo Satori ilikuwa humo, pwani ya mashariki ya Marekani, na watu watatu ndani. Wakaomba msaada, walinzi wa pwani wakawatoa wote wakiwa hai. Boti ikabaki peke yake baharini, bila mtu kwenye usukani. Siku kadhaa baadaye ikakutwa imepanda ufukweni Maryland, bado nzima. Hebu niambie, boti gani nyingine utaipa sifa kama hiyo?

Ila nikiziweka dhoruba hizi mbili pamoja, naona zinasema jambo ambalo halikuwa kwenye jedwali letu. Kule Fastnet nako mabaharia waliziacha boti 24, na nyingi kati ya hizo zilikutwa baadaye zikiwa bado zinaelea. Wengine waliingia kwenye maboya ya uokoaji, na baadhi ya maboya hayo yakavunjika au kupinduka. Kumbe mara nyingi boti ilikuwa na uwezo wa kuendelea kuvumilia, binadamu ndio walioishiwa. Walilowa, wakatapika, hawakulala, wakaogopa. Sisemi walikosea kuondoka. Mimi niko hosteli, kitanda changu hakiyumbi. Nasema tulikuwa tunapima mbao na chuma, wakati kinachoisha kwanza ni mtu.

Ukianza na mtu, jedwali linabadilika. Uzito wa Westsail unakuwa usingizi: boti inayoyumba taratibu inamwacha nahodha apumzike. Lakini mwendo wake wa pole ni siku za ziada baharini, na kila siku ya ziada ni nafasi nyingine ya kukutwa na dhoruba. Contessa inakufikisha mapema, ila njiani inalala ubavu, inakumwagia maji, na chumba chake ni finyu. Mzee na mkewe wanaotaka kuishi baharini miaka mitano, na kijana anayetaka kuvuka peke yake upesi, hawawezi kupewa jibu moja.

Halafu kuna umri. Westsail nyingi ziliuzwa zikiwa hazijakamilika: kiwanda kilitoa gamba, mnunuzi akamalizia ndani kwa mikono yake, nyuma ya nyumba. Kwa hiyo Westsail mbili zilizotoka kiwanda kimoja zinaweza kutofautiana kuliko zinavyotofautiana na Contessa. Moja ilimaliziwa na fundi, nyingine na mtu aliyechoka katikati. Boti ya miaka 50 huinunui kwa jina lake tu. Unauliza nani aliimalizia, na nani ameitunza tangu hapo.

Haya nayaandika kwa sababu mwakani wengi wetu wa elimu tutakuwa tumeshika kalamu nyekundu, tukiwapanga watoto wa watu kutoka wa kwanza hadi wa mwisho. Kupanga tutapanga, ndiyo kazi. Lakini "ipi bora" ni swali nusu. Linakamilika ukiongeza: kwa safari gani, na kwa msafiri yupi? Wahenga walishasema usisafirie nyota ya mwenzio. Mtihani wangu wa kwanza nikiutunga, swali la kulinganisha litakuwepo, na alama nyingi zitakuwa kwenye hiyo nusu ya pili.