Saa Isiyojua Adabu

Ami yangu ni mzaliwa wa Chovae, kisiwa cha Wabajuni katika pwani ya Somalia, na ukimuuliza hali atakujibu kama alivyofunzwa na wazee wake: njema, alhamdulillahi. Daktari huku Uingereza humuuliza, naye hujibu hivyo hivyo. Mimi ninayemfasiria huipeleka hiyo njema kwa Kiingereza, daktari anaandika, tunaaga. Na wakati wote huo mkono wake wa kulia unatetemeka juu ya paja.

Alikuwa mvuvi na mshona nyavu. Vita vya 1991 vilipofika pwani ya Kismayu alivukia Mombasa, kama Wabajuni wengi. Ugonjwa wake ni Parkinson, uliopewa jina la James Parkinson, daktari wa London aliyeueleza mwaka 1817. Chembe za ubongo zinazotengeneza dopamini hufa kidogo kidogo. Mkono hutetemeka ukiwa umetulia, mwendo hupungua, uso hukosa bashasha. Hilo la uso ndilo lililotuletea maneno, maana jamaa walidhani amenuna.

Kisha akavishwa kifaa mkononi, mfano wa saa isiyo na akrabu. Ndani mna vihisi vinavyopima mwendo wa mkono mchana na usiku. Wakati wa dawa ukifika hutikisika, naye hukigusa kuonyesha kwamba amemeza. Januari 2023 NICE, taasisi inayozishauri hospitali za umma za England, ilipendekeza vifaa 5 vya aina hii, kwa sharti kwamba ushahidi uendelee kukusanywa.

Kilichotoka ni mchoro. Asubuhi dawa inafanya kazi vizuri. Baada ya kidonge cha mchana, hamna kitu, kana kwamba hakumeza. Muuguzi akauliza anakula nini mchana. Wali na samaki, nikasema, na kidonge hukimeza katikati ya chakula. Kumbe levodopa, dawa iliyomo katika kidonge hicho, hufyonzwa utumboni kwa njia ile ile inayotumiwa na protini, na katika kuingia ubongoni pia hushindana nayo. Samaki akitangulia, kidonge hucheleweshwa. Akaambiwa ameze nusu saa au zaidi kabla ya kula. Samaki mwenyewe hakupigwa marufuku, na ningependa kumwona daktari atakayethubutu kumpiga Mbajuni marufuku hiyo.

Siilaumu adabu ya ami. Aliyepoteza nyumba na mashua haoni sababu ya kumlalamikia mgeni kuhusu kidole. Ila kifaa nacho kina upofu wake. Ijumaa msikitini aliukalia mkono ili watu wasiuone, na kifaa kikaandika kwamba mkono umetulia. Aibu hakiijui, wala choo kigumu, wala usingizi unaokatika kwa hofu.

Kwa hiyo nimeacha kumuuliza hali. Namuuliza: ami, saa nane mkono ulikuwaje? Hapo husema yote, kwa saa na dakika, kama mvuvi anayeeleza upepo ulipogeuka na maji yalipoanza kupwa. Ukweli alikuwa nao siku zote. Swali letu ndilo lililompa nafasi ya kuuzunguka.

Visiwani kwetu kifaa hiki hakipo, na hata bara wengi hawajafika kwenye hatua ya kukihitaji. Utafiti uliochapishwa 2008 kutoka wilaya ya Hai, Kilimanjaro, uliopita nyumba kwa nyumba kati ya watu 161,071, ulikuta wagonjwa 33 wa Parkinson, na wengi wao walikuwa hawajawahi kuambiwa wanaugua nini. Hata hivyo, kabla ya vifaa hivi madaktari walitumia daftari: kila nusu saa mgonjwa au mtu wake anatia alama, mkono mzuri, mkono mbaya, dawa, chakula. Kazi hiyo mjukuu aliye darasa la nne anaiweza. Kidonge ndicho kigumu. Levodopa pamoja na kabidopa imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, lakini orodha haijui kupanda mashua kwenda Chovae.