Bustani ya Kiangazi Katika Mji wa Shaba

Huku kwetu Likasi mtu atakaye mboga nzuri hangoji mvua inyeshe, hungoja iishe. Masika yetu huanza Novemba na kukoma Aprili, na katika miezi hiyo nyanya huingiwa na ukungu, majani yakawa meusi, na matunda yakaoza kabla ya kuiva. Lakini Mei ikiisha kuingia, na usiku ukawa wa baridi (maana mji wetu uko juu, yapata mita 1,300 kutoka usawa wa bahari), ndipo jembe la bustani linapofanya kazi kweli. Twapenda kuwaeleza jinsi sisi wa nyumba moja ya Kikula tulivyolima na kujenga nyuma ya nyumba katika kiangazi hiki. Kwetu kazi hizo mbili hazikutengana.

Yafaa kukumbuka kwamba mji huu haukuanza kwa jembe. Ulijengwa kwa ajili ya madini, ukaitwa Jadotville mpaka mwaka 1966, na kampuni ya Union Minière iliwagawia wafanyakazi wake posho ya unga. Kampuni ilipotaifishwa mwaka 1967, na baadaye kuitwa Gécamines, desturi ya posho iliendelea. Wazee wetu walikuwa na bustani, ndiyo, lakini ya kuongezea kitoweo tu. Kisha mwaka 1990 mgodi wa Kamoto huko Kolwezi uliporomoka, ikafuata miaka ya machafuko, na shaba iliyotolewa ikapungua mno. Mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliiacha Gécamines kwa mpango wa kuondoka kwa hiari. Tangu hapo kiwanja cha nyuma ya nyumba si pambo. Unga wa bukari hununuliwa. Mboga lazima itoke nyumbani.

Basi kiwanja chetu kina urefu wa hatua 30 na upana wa hatua 15. Upande wa chini, karibu na mfereji wa maji ya mvua, pana pembe moja ambapo majani ya kawaida hayastawi. Mwishoni mwa masika humea pale mmea mdogo wenye maua ya zambarau. Jirani yetu mmoja, mzee aliyetembea porini na watafutaji wa madini alipokuwa kijana, aliutazama, akacheka, akasema: “Wanangu, huyu namfahamu. Tulimfuata kama mbwa afuatavyo harufu.”

Wataalamu wa mimea huuita Haumaniastrum katangense, na wengine huuita ua la shaba, kwa kuwa huvumilia udongo wenye shaba nyingi ambao mimea mingine hufa ndani yake. Watafutaji wa madini wameufuata, na hata wachunguzi wa mambo ya kale wameutumia kupata mahali palipokuwa na tanuri za wafua shaba wa zamani. Si shahidi asiyekosea, maana pengine huonekana hata pasipo shaba nyingi. Walakini shahidi wa namna hiyo akisimama katika bustani ya mtu mwenye watoto, si vema kumpuuza.

Tena hatukuwa na hofu ya bure. Mwaka 2009 wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza matokeo ya kupima mkojo wa watu wa Katanga. Walioishi karibu na migodi au viwanda vya kuyeyushia madini, chini ya kilomita 3, walikuwa na kobalti nyingi mwilini, na watoto waliwazidi watu wazima. Uchunguzi uliofuata ulionyesha milango miwili ya kuingilia: chakula, hasa mboga za majani zilizolimwa papo hapo, na vumbi, hasa kwa watoto wachezao chini.

Mama yetu mzazi hakupendezwa na maneno hayo. Alikuwa amekwisha kutayarisha mbegu za lengalenga kwa pembe ile ile, kwa sababu iko karibu na maji. Akatuambia: “Nimewalea ninyi nyote kwa majani ya mji huu. Ni nani aliyekufa?” Tukamjibu kwa heshima, “Mama, hakufa mtu, na twashukuru. Lakini wajukuu wako ni wadogo, na mahali pengine papo.” Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alizipeleka mbegu zake upande wa juu, wala hakusema neno.

Upande huo wa juu hatukupanda moja kwa moja ardhini. Tuliagiza udongo wa kichuguu. Mgeni afikaye Haut-Katanga hushangaa kuona vichuguu vyetu, ambavyo vingine hupita mita 5 kwenda juu. Mwaka 2015 wataalamu walitangaza kwamba kimoja, karibu na Lubumbashi, kilikuwa na umri wa miaka zaidi ya 2,000. Mchwa hao wamefanya kazi tangu kabla ya falme zote tunazozijua huku! Udongo wao una chokaa nyingi kuliko udongo mwekundu unaowazunguka, na chokaa hupunguza uchachu wa ardhi. Uchachu ukipungua, mizizi haifyonzi metali kwa wingi kama kwanza. Majivu ya makala yana kazi karibu na hiyo hiyo, nasi twayanyunyiza kidogo kidogo.

Udongo uo huo ndio wafyatua matofali wautumiao. Kwa hiyo mkokoteni mmoja ulituletea bustani na ukuta pamoja. Tulifyatua matofali mabichi kwa kalibu ya mbao, tukayakausha kivulini majuma mawili, tukazungushia vitalu vitano vyenye kina cha mkono mpaka kiwiko. Matofali ya kuchoma tulinunua machache tu, kwa maana tanuru hula kuni nyingi, na msitu uko mbali mwaka hata mwaka. Hayo machache tulijengea ukingo wa kisima, ili maji ya mfereji yasiingie wakati wa masika, na tukasakafia ile pembe ya ua la shaba. Juu yake sasa lasimama banda la majembe na makala. Kuku tuliwajengea upande wa juu, wakawekewa uzio, wasije wakaparua kule chini.

Na mavuno? Lengalenga ya Mama ilikuwa ya kwanza. Majuma manne hivi, ikang’olewa, ikapandwa nyingine. Kabichi zilipenda baridi ya Juni na Julai, zikafunga vizuri, ingawa vidukari vilitusumbua mpaka tukavinyunyizia maji ya sabuni. Nyanya zilichelewa kwa ajili ya baridi hiyo hiyo, kisha mwezi wa Agosti zikaiva zote kwa mara moja: mashina 40, na ndoo baada ya ndoo! Tulikula, tukagawa, tukauza nyingine sokoni, na fedha yake ikanunua bati la banda. Vitunguu ndivyo vilivyotupendeza kuliko vyote, kwa kuwa havina haraka. Vimefungwa mafungu, vimetundikwa chini ya dari.

Vitalu vilivyoinuliwa haviwezi kuzuia vumbi lishukalo kutoka juu, hasa upepo wa Agosti ukivuma. Kwa hiyo majani yote huoshwa mara tatu, katika maji yanayobadilishwa kila mara, na maji ya kwanza hayarudi bustanini. Watoto nao hunawa mikono kabla ya kula, wakinung’unika. Nyanya na mboga nyingine za matunda hutupa wasiwasi mdogo kuliko majani, maana aghalabu metali hukaa zaidi katika majani na mizizi.

Sasa ni Septemba, jua ni kali, na kisima kimeshuka; twamwagilia jioni tu, kwa kopo lililotobolewa. Kabla ya Novemba hatuna budi kuongeza upenu wa vitalu na banda la kuku, kwa kuwa tofali bichi likinyeshewa hurudi kuwa tope. Mama ameomba kitalu cha sita, cha kibwabwa, na udongo wake umekwisha agizwa.