Simu imeanza kuuliza kwanza: sisi, Android mpya na programu yetu ndogo

Wengi mmetuuliza: ile programu ya kukumbusha watu dawa na tarehe za kliniki iko wapi, si mlisema iko karibu? Iko karibu kweli. Ila tangu tuanze kuiandika, simu za watu wetu zimekuwa zikihama, kutoka Android 11 na 12 kwenda 13, 14 na kuendelea, na kila toleo linakuja na sheria zake kwa sisi tunaotengeneza. Mtu wa kawaida anaona rangi mpya na vitufe vya duara. Sisi tunaona orodha ndefu ya mambo ambayo jana yalikubalika na leo hayakubaliki. Leo tunataka kuwaeleza baadhi, maana yanawagusa hata nyinyi ambao hamjawahi kuandika msimbo hata mstari mmoja.

Kwa wasiotujua: tuko sita, hapa Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Watatu tumetoka Kongo, wawili Burundi, na mmoja ni mwenyeji, Mganda wa hapa hapa Isingiro. Tuna laptop mbili. Programu yenyewe ni ndogo: unaandika dawa, saa, na siku ya kurudi kliniki, basi. Haitaki intaneti. Tunaigawa kwa Bluetooth na kwa memori kadi, kama vile kila kitu hapa kinavyogawanywa, kuanzia nyimbo za kwaya mpaka filamu.

Tuanze na kengele, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe.

Simu ya Android ikiwekwa mezani bila kuguswa inasinzia ili kutunza betri. Hiyo ipo tangu Android 6, mwaka 2015. Programu ikitaka kuiamsha saa mbili kamili usiku, si saa mbili na dakika saba, inahitaji kengele kamili. Android 12 ya mwaka 2021 ikasema: hiyo sasa ni ruhusa ya pekee, lakini nakupa bila kuuliza. Android 14 ya mwaka 2023 ikageuza: kwa programu mpya nyingi zinazoingizwa kwenye simu, ruhusa hiyo haipo mpaka mwenye simu aende mwenyewe kwenye mipangilio aiwashe. Na programu ikijaribu kupiga kengele kamili bila kuangalia kwanza kama imeruhusiwa, mfumo unaikatalia na programu inajifunga hapo hapo.

Ukisoma haraka unaona kama tumewekewa kizuizi tu. Lakini fikirieni sisi tunaochaji simu kwenye kibanda cha sola kwa kulipa. Programu kumi zikiamsha simu kila moja kwa saa yake, betri haifiki jioni. Kwa hiyo tulikaa tukajiuliza swali ambalo sheria hii inamlazimisha kila mtengenezaji kujiuliza: je, kweli tunahitaji saa mbili *kamili*? Tukamuuliza muuguzi mmoja. Akacheka. Akasema yeye anachotaka ni mgonjwa anywe kila siku, saa zile zile, asiruke. Dakika chache hazimnyimi usingizi. Basi tukachukua kengele ya kawaida, ile ambayo mfumo unairuhusu kulia hata simu ikiwa imesinzia, ingawa inaweza kuchelewa kidogo. Kwa anayetaka kamili tumeweka kitufe kinachompeleka moja kwa moja kwenye mipangilio. Na tarehe ya kliniki? Hiyo inakukumbusha jana yake jioni, hata ikichelewa nusu saa hakuna aliyekosa gari.

Sasa arifa. Hapa ndipo tulipojifunza zaidi.

Kabla ya Android 13, ya mwaka 2022, programu ukiiingiza tu kwenye simu ilikuwa na haki ya kukutumia arifa, ikakupigia kelele mpaka uende kuizima. Sasa lazima iulize. Kinatokea kidirisha: Ruhusu, au Usiruhusu. Ukikataa mara mbili, mfumo hauonyeshi tena swali hilo. Mtengenezaji hawezi kukusumbua. Ukibadili mawazo, unaenda mwenyewe kwenye mipangilio. Kwa hiyo tuna nafasi mbili tu za kueleweka. Ukiuliza programu inapofunguka tu, kabla mtu hajajua ni ya nini, atakataa, na ana haki. Sisi tukahamisha swali: linakuja baada ya mtu kuandika dawa yake ya kwanza, na juu yake sentensi moja, "Ili nikukumbushe saa uliyochagua, simu itakuomba ruhusa."

Tukaenda kujaribu na watu. Mama mmoja, ambaye tumemwomba ruhusa ya kumtaja bila jina, akasoma vizuri kabisa, akabonyeza Usiruhusu. Tukadhani hakuelewa, tukaanza kumweleza. Akatukatiza.

"Nimeelewa, wanangu. Simu hii si yangu peke yangu. Mchana wanacheza nayo watoto, jioni shemeji anaichukua kusikiliza habari. Dawa zangu nazijua mimi na Mungu wangu. Mnataka ziandikwe hapo juu kila mtu asome?"

Tulinyamaza. Hata chai ilipoa.

Usiku ule tulibadilisha mambo mawili. Kwanza, jina la dawa halionekani kamwe kwenye arifa, wala skrini ikiwa imefungwa wala ikiwa wazi. Pili, maneno ya arifa anayachagua mwenyewe. Tuliporudi kwake alifikiri kidogo, akaandika: "Funika maharagwe." Saa mbili usiku simu inalia, inaandika funika maharagwe, na hakuna anayeuliza kitu, isipokuwa siku moja shemeji aliuliza kwa nini katika nyumba hii maharagwe hayaivi. (Hilo alituambia yeye mwenyewe, akicheka mpaka machozi.)

Tunajua watengenezaji wengi wanalalamika kuhusu kidirisha kile, kwamba watu wanakataa na programu inakosa kazi. Sisi hatuwezi kulalamika. Wengi wetu tumekulia kwenye mistari ya kusubiri: weka kidole hapa, tazama kamera, tia sahihi, anayefuata. Mara ngapi mtu alitugeukia akasema, je, unakubali, na ukikataa hakuna neno? Kama simu ndogo ya bei rahisi imejifunza kuuliza hivyo, na kuheshimu hapana ya pili, basi nyinyi wenzetu wa mashirika mnaotengeneza fomu zenu kwenye tableti, angalieni hicho kidirisha vizuri. Kitufe cha kukataa ni kikubwa sawa na cha kukubali.

Kuna zawadi nyingine ya Android 13 ambayo hatutaisema kwa urefu: sasa mtu anaweza kuchagua lugha ya programu moja bila kubadilisha lugha ya simu nzima, na sisi tunaandika tu orodha ya lugha tulizo nazo. Simu ya dada iko kwa Kiingereza kwa sababu ya kazi, programu yetu iko kwa Kiswahili. Na kumbe kwenye orodha za lugha za kompyuta Kiswahili cha Kongo kina alama yake, sw-CD, mbali na cha Tanzania, Kenya na Uganda. Wenzetu wa Bukavu walifurahi kama wameshinda mechi. Ugomvi wa neno gani liandikwe wapi bado haujaisha.

Tukirudi kwenye magumu: programu za zamani. Kila programu ya Android ina mstari unaoitwa targetSdkVersion, yaani namba inayosema "nimeandikwa kwa kufuata sheria za toleo fulani". Namba 23 ni Android 6, ndipo programu zilipoanza kuomba ruhusa wakati wa matumizi, moja moja. Chini ya hapo ulikuwa unakubali zote kwa mkupuo siku ya kuingiza programu. Wezi wakaliona dirisha hilo: wanaandika programu leo, wanaipa namba ya zamani makusudi, ili wasidaiwe kuuliza. Kwa hiyo Android 14 ikakataa kuingiza programu yoyote yenye namba chini ya 23. Zile zilizokuwepo tayari kwenye simu kabla ya kupanda toleo zinabaki.

Ni sawa, mlango wa wezi ufungwe. Lakini kwenye memori kadi zetu kuna vitu vingi vya zamani visivyo na wizi wowote. Mzee mmoja jirani yetu alikuwa na kamusi ndogo ya Kiswahili na Kifaransa, ameitumia miaka. Mwanawe akamletea simu mpya, kamusi ikakataa kuingia. Aliyeitengeneza hatumjui, hakuna wa kumpigia. Mzee sasa anatembea na simu mbili, ya kupiga na ya kamusi.

Hili liwaguse wafadhili. Programu nyingi za kusaidia wakimbizi zinaandikwa kwa mradi wa mwaka mmoja au miwili. Mradi unaisha, picha zinapigwa, programu inabaki yatima. Wakati huo huo, Google Play inataka programu mpya na masasisho yafuate sheria za karibuni. Tarehe 31 Agosti 2025 namba inayodaiwa ilipanda kuwa 35, yaani Android 15. Namba hiyo hupanda kila mwaka. Kwenye bajeti zenu tunaona mstari wa uzinduzi, fulana na maji ya chupa. Wekeni na mstari wa mtu wa kupandisha namba kila mwaka. Kazi hiyo kijana wa hapa anaiweza.

Jambo la mwisho ndilo zito kwetu, nalo si la toleo moja tu. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba simu za Android zilizoidhinishwa zitaingiza programu ambazo mtengenezaji wake amejitambulisha, hata kama programu imetoka kwenye memori kadi na siyo Play. Mpango ulitaja Septemba 2026 kwa Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, halafu nchi nyingine kuanzia 2027. Kujitambulisha ni jina la kisheria, anwani, barua pepe, simu, na kitambulisho cha serikali. Watu wengi duniani walipiga kelele, na Novemba mwaka huo kampuni ikasema itaweka akaunti nyepesi kwa wanafunzi na wanaojifunza, kwa idadi ndogo ya simu, na njia ya mtu mzoefu kukubali hatari mwenyewe.

Sababu yao ni utapeli, na sisi hatuwezi kusema utapeli haupo. Nani hapa hajatumiwa kiungo cha "pakua hii ujaze fomu ya kwenda Kanada"? Tungependa sana wale watu wajulikane majina.

Lakini kati yetu sita yuko mmoja ambaye jina lake halionekani popote, wala hapa. Aliondoka nyumbani kwa sababu jina lake lilijulikana. Nusu ya programu hii ni mikono yake. Na anwani tuandike nini? Nyuma ya kisima, mkabala na mashine ya kusaga? Kwa sasa akaunti yetu ya Play iko kwa jina la mwenzetu mwenyeji, maana yeye ana kitambulisho cha taifa. Amekubali kwa moyo mweupe, na tumemshukuru. Bado, siku ile tuliposoma jina lake peke yake chini ya programu ya watu sita, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema haikukaa vizuri.

Tunachoomba si kufunguliwa mlango bila kuulizwa. Kadi ya mkimbizi ya Uganda inatolewa na serikali, ina picha na namba. Nyinyi mnaokaa mezani na makampuni ya simu, iwekeni kwenye ajenda: kadi hii isomwe kama kitambulisho cha mtengenezaji, na anayehatarishwa na jina lake ajulikane kwa kampuni bila kuandikwa hadharani.

Sasa kazi. Akaunti mpya ya mtu binafsi kwenye Play inadai wajaribu 12, wakae na programu siku 14 mfululizo kabla haijafunguliwa kwa wote. Tumepata tisa. Tunatafuta watatu wenye Android 14 au zaidi, hasa Juru na Rubondo, maana huko bado hatujafika. Kioo kilichopasuka si tatizo. Njooni Jumamosi saa nne asubuhi, na mkiwa na neno la kuandika badala ya dawa, njooni nalo kichwani, msituambie.