Selma 1965: Je, Miguu Inaweza Kudai Kura?

Kila mwaka nifundishapo historia ya harakati za haki za raia nchini Marekani, hakosi mwanafunzi wa kuuliza: kutembea barabarani kunabadilisha nini? Swali hilo silidharau. Huwapeleka Selma, katika jimbo la Alabama, mwaka 1965.

Katika wilaya ya Dallas, ulimo mji huo, Weusi walikuwa takriban nusu ya wakazi, lakini kati yao waliostahili kupiga kura, walioandikishwa hawakufika asilimia 3. Ofisi ya uandikishaji ilifunguliwa siku mbili tu kwa mwezi, na aliyefika alikabidhiwa mtihani uliokusudiwa kumshinda. Mwezi Februari, askari wa jimbo alimpiga risasi kijana Jimmie Lee Jackson, naye akafariki siku nane baadaye. Ndipo lilipozaliwa wazo la kutembea hadi Montgomery, makao makuu ya jimbo.

Jumapili ya tarehe 7 Machi, waandamanaji wapatao 600 walivuka Daraja la Edmund Pettus. Ng'ambo walipokelewa kwa virungu na mabomu ya machozi. John Lewis, aliyetangulia mbele, alivunjwa fuvu. Usiku huo televisheni zikalionyesha taifa zima unyama huo. Tarehe 21 waliondoka tena, safari hii wakiwa na kibali cha mahakama na ulinzi wa jeshi. Baada ya siku tano na kilomita zipatazo 87, waliingia Montgomery wakiwa takriban 25,000. Tarehe 6 Agosti, Rais Johnson alitia saini Sheria ya Haki za Kupiga Kura.

Hata hivyo, si miguu peke yake iliyoshinda. Binafsi humkumbuka zaidi Amelia Boynton, aliyepigwa darajani hadi akazirai. Mama huyo alikuwa akiwahimiza Weusi wa Selma kujiandikisha tangu miaka ya 1930. Maandamano yaliikuta kazi yake ya miaka thelathini, yakaipa sauti; bila kazi hiyo yangekuwa vumbi la siku moja.

Na bila walinzi, hata sheria huchakaa. Mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ilibatilisha kifungu kilichoamua ni majimbo yapi yaombe idhini kabla ya kubadili taratibu zao za uchaguzi. Lewis, wakati huo mbunge, alikuwa hai kuyashuhudia hayo. Anayetaka kuandamana leo na ajiulize kwanza: kesho yake, nani atabaki ofisini akiandikisha majina?